Miti ya Makopo

Wanaopita nyumbani kwangu hapa Mafubira, Jinja, husimama kuangalia mikrismasi mitatu iliyo nyuma, kwenye mpaka wa kiwanja, na hakosi mmoja wa kuniuliza kwa nini niliipanda karibu karibu hivyo, kama watu walio kwenye foleni. Humjibu kwamba sikuipanda. Na ni kweli, wallahi. Niliiweka tu.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, na nilipotoka nikakuta shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, ameshaamua kwamba nirudi kwetu Mbale. Hakuniuliza. Yeye anakaa Buwenge, lakini akaanza kuja kila wiki, akizunguka kiwanja mikono nyuma, akipima kwa macho. Nyumba hii tuliijenga wawili, mimi ndiye niliyechota maji ya kufyatulia matofali. Leo eti niende! Wapi? Namatala, huko Mbale, kwenye chumba cha mama yangu nilikotoka msichana? Thubutu.

Katika ukoo huu mwanamke hapandi mti. Atapanda maharage, viazi, mboga, vitu vya kung'olewa. Mti ukishika, aliyeupanda ana neno la kusema juu ya ardhi ile, na wao hawataki mke awe na neno. Nilijua vizuri, ndiyo maana kitu cha kwanza nilichofanya baada ya eda ni kupanda mche wa mfenesi mbele ya mlango. Shemeji akaukuta, akaung'oa kwa mkono mmoja, akautupa kwenye majivu. "Shemeji, usinichokoze," akaniambia. Siku hiyo sikupika, kwa hasira.

Nikaenda Mbale kumwona mama. Ndugu zangu wakadhani nimerudi moja kwa moja, hata kitanda walishanitandikia. Nikarudi Jinja na mfuko wa maganda marefu, meusi, ambayo ukiyatikisa yanalia. Niliyaokota kando ya barabara, chini ya mkrismasi, ule mti unaojaa maua mekundu mwisho wa mwaka. Jirani mmoja alinitania kwamba Mwislamu gani anahangaika na mkrismasi. Nikamwambia mti hauulizi dini ya mtu.

Mbegu zake ni ngumu kama kokoto. Ukizifukia hivyo hivyo utangoja mpaka ukasirike. Nilizisugua moja moja kwenye ngazi ya saruji mpaka ile ngozi ya kahawia ikatoboka na weupe ukachungulia, halafu nikaziloweka kwenye maji ya moto, nikaziacha zipoe humo hadi kesho yake. Zilizovimba nikazitia kwenye udongo. Zilizogoma nikazisugua tena, huku nikizitukana. Makopo yalikuwa ya samli na ya rangi, nimeyatoboa vitako kwa msumari ili maji yasituame.

Miche ilipotoa vijani vyake vyembamba kama manyoya, shemeji akaja akasimama juu yake.

"Nini hii?"

"Maua tu, shemeji."

"Inazaa?"

"Haizai."

"Mbao je?"

"Haina mbao ya maana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi cheza. Lakini isiingie ardhini, unasikia? Ikae kwenye makopo."

Nikasema sawa, nikainamisha kichwa vizuri kabisa. Akaenda kunitangaza kwa watu wa bodaboda, akiwaambia njooni muone miti ya yule Mgisu wa Mbale, isiyo na faida hata ya kuni.

Sasa, mtu yeyote mwenye kitalu anajua kwamba miche ya makopo husogezwa mara kwa mara. Unainua kopo, unasikia mizizi iliyopenya tundu la chini ikikatika, unalihamisha. Ukizembea, mche unajipanda wenyewe. Miche mingine yote niliisogeza, nikawagawia majirani. Mitatu nikaichagua, nikaipanga nyuma, pale mpaka unapopita, na sikuigusa tena. Maji niliyamwaga chini, pembeni ya makopo, mizizi iyafuate. Mvua za masika zikaja zikapita, na nyingine tena. Shemeji kila alipokuja aliona makopo, akaridhika, na mwisho akapunguza kuja.

Mpaka siku aliyofika na mnunuzi. Alikuwa Mkenya, mtu mpole, aliyetaka mahali pa kuegesha malori yake. Mimi nilikuwa nafua. Hakuna aliyeniambia kwamba nyumba yangu inauzwa! Nikafuta povu mikononi, nikawafuata nyuma.

Mkenya alikuwa amesimama mbele ya miti, ambayo wakati huo ilishanipita kimo, mashina yake manene kama mkono wangu.

"Mama, hii miti ni ya nani?"

Kabla sijajibu, shemeji akadakia: "Ni ya huyu mwanamke. Usiijali, iko kwenye makopo. Tunainua, tunatupa."

Akakunja mikono ya kanzu, akakamata shina la kwanza, akavuta. Majani yakatikisika, basi. Akavuta tena, jasho likimtoka, safari hii kwa kopo lenyewe, likamvunjikia mikononi kwa kutu. Mti ukabaki pale pale, bila kopo.

Mkenya akaniangalia mimi, akauangalia mti. "Bwana," akamwambia shemeji, "mama ana miti kwenye mpaka, na wewe mwenyewe umesema ni yake. Mimi natafuta kiwanja. Sinunui kesi." Akatuaga kwa adabu, akaenda zake.

Shemeji akanigeukia, bati lenye kutu bado mkononi. "Umenidanganya!"

"Sikukudanganya," nikasema. "Uliniambia nisiipande, sikuipanda. Na hapa siondoki, ng'o. Ukitaka kuikata, lete panga. Lakini ulete na mwenyekiti wa mtaa, ashuhudie unakata miti ya nani."

Hakuleta panga. Mwenyekiti pia hakumleta. Idi iliyopita alikuja, nikampa pilau, akala akiwa ameipa miti mgongo.

Mwaka huu nimesugua mbegu nyingine. Makopo nimeyatupa. Nimechimba shimo mbele ya mlango, pale pale alipong'oa mfenesi wangu, mchana kweupe, watu wakipita, na safari hii nimepanda.