Beseni la Koperative na Usingizi wa Aline

Siku yangu ya kwanza kwenye mashini ya kusaga, pale Mboko, nilirudi nyumbani na unga mpaka ndani ya masikio, na mume wangu akauliza kama sasa nimeolewa na mashini. Koperative ya wakulima wa muhogo ilikuwa imeniajiri kupokea cossettes, vile vipande vya muhogo uliolowekwa na kukaushwa. Fundi wa mashini, mkubwa wangu wa kwanza, alivunja kipande kimoja karibu na sikio langu.

«Unasikia? Hiki kimelia, kimekauka. Chenye hakilie, murudishie mwenyewe aende aanike.»

Kipande kibichi kinaziba tamis, yaani chekeche la chuma lililo chini ya nyundo za mashini. Tamis ikiziba, foleni nzima inakutukana wewe, haiutukani muhogo. Fundi alikuwa mkali, lakini hakuficha kazi. Alinifundisha kukaza mkanda na kugeuza nyundo zikiisha makali upande mmoja, na alipostaafu nikawa mimi mwenye kuwasha injini.

Baadaye nikahamishiwa mji wa Baraka, kwenye mashini kubwa. Huko nilikuwa chini ya gérant, yaani msimamizi, mtu wa kuogopa hasara, na juu yake Prezida wa koperative, mtu wa kupenda hotuba. Walikuwa watu wazuri wote wawili, ingawa walinichosha.

Koperative iliposimama vizuri, Prezida akasema mkutanoni, «Batu ndio bametufikisha hapa. Na sisi tubarudishie.» Tukakata shauri kwamba kila nyumba yenye mtoto mchanga, tangu Baraka mpaka Lweba, ipelekewe beseni la unga. Nilipiga makofi kuliko wote, kwa sababu kazi ya kupeleka mabeseni nilipewa mimi, na watoto wachanga nawapenda kupita kiasi.

Lweba nilipeleka kwa Aline, binti aliyeolewa kutoka Kalemie. Ilikuwa uzazi wake wa kwanza, mama yake yuko mbali, mumewe mvuvi anashinda ziwani. Nilimkabidhi mume beseni mlangoni, nikaenda zangu. Siku chache baadaye nilirudi kuchukua beseni tupu, nikalikuta bado limejaa. Mtoto alikuwa analia kwa sauti iliyochoka. Aline alikaa kitandani, midomo imekauka, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

«Aline, haukupika?»

«Unga iko, mama. Lakini nani atanipikia? Nikisimama tu, kizunguzungu. Na maziwa inakataa kutoka.»

«Na bamama ba hapa?»

«Hakuna mwenye alikuya.»

Nilishikwa na hofu kweli. Mzazi asipokula na asipolala, mtoto naye tunampoteza. Nikamsongea bugali, nikaosha mtoto, kisha nikatoka na hasira zangu zote mpaka kwa jirani aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mlangoni pake. Nikamuuliza ni roho gani hiyo aliyo nayo.

Akaweka mchi chini. «Mama Neema, usinigombeze. Mi niliona beseni lenu likipita hapa. Niko na kasahani kamoja ka unga. Niende kukaweka pembeni ya beseni la koperative, batu banicheke?»

Hapo nikaelewa. Kwetu hakuna mwanamke anayeingia kwa mzazi mikono mitupu. Unaingia na kasahani kako ka unga, na ukishaingia ndipo unamkanda mzazi kwa maji ya moto, unaosha mtoto, unapika, unakaa mpaka jioni. Beseni letu lilikuwa limewafungia mlango wanawake wote wa Lweba, na sisi Baraka tunapiga makofi.

Basi nikarudi ndani, nikajitwika lile beseni, nikatoka nalo katikati ya njia watu wote wakiona. «Koperative inachukua chake,» nikasema. «Humu ndani hamna unga.»

Habari ilinitangulia Baraka. Prezida alinisubiri wima.

«Mama Neema, umemunyang'anya muzazi chakula? Kwa jina la koperative?»

«Ndiyo, Baba Prezida. Kesho twende ukaone, halafu unifukuze.»

Usiku ule nilijaribu kula, chakula kikanishinda. Je, kama hakuna aliyeingia?

Kesho yake tulikuta viatu vimejaa mlangoni kwa Aline. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Visahani vya unga vimepangwa, maji yanachemka, mtoto ameshiba anapita mkono kwa mkono. Prezida alikuwa amejiandaa kumwomba Aline radhi kwa hotuba, lakini yule jirani akamzuia mlangoni.

«Sauti ndogo, baba, muzazi amelala. Na we umeleta nini?»

Prezida akaangalia mikono yake, akarudi barabarani kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Mimi nilichungulia. Aline alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi, anakoroma kama mzee.

Tukarudi Baraka, hotuba yake bado iko mfukoni. Tulipofika tu akamwita gérant. «Mabeseni basi. Mwenye anaenda kuona muzazi alete muhogo yake, tutamusagia bure.»

Gérant akashika kichwa. «Baraka nzima itasema inaenda kwa muzazi.»

Na alisema kweli. Bwana mmoja alileta gunia zima, eti la mtoto wa dada yake. Nikamsagia, nikamkabidhi mashini msaidizi wangu, nikamsindikiza bwana mpaka kwa huyo dada. Mtoto kweli alikuwepo. Gunia lote likabaki pale, nyumba nzima ikamshukuru, naye akacheka kwa shida sana.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa. Siku ya kuniaga, Prezida mpya, kijana wa leo, aliniuliza mbele ya wote: katika mambo yote ambayo koperative iliwarudishia watu, paa la shule, daraja dogo, kisima, mimi najivunia lipi? Nafikiri alingoja nitaje kisima, maana kilichimbwa wakati wake.

Nikamwambia, usingizi wa Aline.