Kungwi wa Kompyuta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Mwajuma alipobeba mkoba wake akaniambia anaacha kazi. Umeniuliza kama mfumo endeshi wa bure unaweza kushindana na ule wa kununua kwenye kompyuta za watu wa kawaida. Najua unataka ndiyo au hapana, vijana mna haraka. Mimi nitakujibu kwa habari ya Mwajuma.

Enzi hizo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye kibanda akajiita mkurugenzi, nami nikiwamo. Nilikuwa na duka la kuchapa barua na kadi hapa Dodoma mjini, kompyuta mbili kuukuu. Mfumo wake fundi alininakilia bila leseni, kama wengi wetu, na virusi vilikuwa vikila kazi za wateja. Rafiki yangu aliyesoma Dar es Salaam akaniletea CD yenye mfumo wa bure, halali kabisa, hata kumgawia jirani ruksa. Niliupenda siku ile ile, na naupenda hadi leo. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Jumapili nikafuta mashine zote mbili nikauweka, bila kumwambia mtu.

Jumatatu Mwajuma, mchapaji wangu, binti aliyezoea kuchapa huku akipiga soga bila kutazama vidole, akakaa mbele ya kioo asichokijua. Alihangaika kama mtu anayetafuta kiberiti gizani katika nyumba ya watu. Kadi za harusi ya binti wa shangazi yangu Hadija alizimaliza kwa taabu, tukazipeleka kwa diski kwa wenye mtambo wa kupiga chapa kule Kizota. Walipozifungua wakaona miraba mitupu badala ya herufi. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba Mwajuma kazi imemshinda, naye alikuwa akisomesha wadogo zake kwa vidole vile vile.

"Kaka, umeniaibisha," akasema, akachukua mkoba.

Mlangoni akakutana na Shangazi Hadija, ameshuka basi la Kondoa kufuata kadi zake. Shangazi alikuwa kungwi, amewafunda mabibi harusi wengi. Nikampa shikamoo, naye akauliza kwanza binti anakwenda wapi na mkoba. Alipokwisha kusikia yote, akamshika Mwajuma mkono, akanigeukia.

"Bi harusi hupelekwa peke yake, mlango ukafungwa? Kungwi huenda naye, akalala chumba cha pili, mpaka mwenyewe aseme, bibi, sasa nenda. Wewe umemwozesha mtoto wa watu kwa bwana asiyemjua, halafu ukaenda kunywa kahawa!"

Na kweli nilikuwa nimetoka kunywa kahawa. Nilicheka, kisha nikaona haya sana.

Nikamwomba Mwajuma radhi. Kompyuta moja nikairudisha ilivyokuwa kwa ajili ya kazi za Kizota, kadi zikatoka, harusi ikapita salama. Ya pili nikaiacha na mfumo wa bure, na kila alasiri nikakaa kando ya Mwajuma nikimwonyesha pa kuhifadhi kazi, na namna ya kuihifadhi ili hata mwenye mfumo mwingine aifungue. Mwanzoni alinuna. Hata alasiri moja, vidole vikikimbia, akasema bila kugeuka, "Kaka, niache sasa, unanichelewesha."

Sijawahi kufukuzwa kwa raha namna ile. Leo ana duka lake Mkonze, na kompyuta zake zina mfumo ule ule wa bure. Mimi sikumshawishi.

Basi mwanangu, mfumo wa bure unaweza kushindana. Watakuambia rahisi ghali, lakini bure haikuwa na kosa. Watu huukataa wanapoachwa nao peke yao, na jirani anaposhindwa kufungua walichomtumia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni mkaribishe kwanza, usimkabidhi nyumba watu wamelala. Ukimpa mtu kitu kipya, kaa kando yake.

Mungu akupe akili ya mashine na subira ya kungwi, na akujalie kuambiwa na wengi, "Niache sasa."