Basi Nililolifukuza Mwenyewe

Jamani, hili nalisema huku nimeinamisha kichwa, maana stendi nzima ya Bunda inalijua na hamna wa kumficha. Mimi nakata tiketi za mabasi ya Mwanza, na nilichoka kuona abiria wa Butiama wanateremka kwenye Hiace wakati basi la kutoka Musoma ndo limeondoka, basi nikapanga mwenyewe na madereva: Hiace iingie saa mbili kamili, basi lisubiri mpaka na robo. Nikaandika kwenye kipande cha boksi, nikabandika (nilijiona waziri kabisa).

Wiki hiyohiyo mama mkwe, anayekaa Butiama, akawa na miadi ya macho Mwanza, aje na Hiace hiyo apande basi hilo. Mke wangu akaniambia, "Akikosa hiyo miadi anaanza foleni upya. Usije ukaniaibisha."

Asubuhi basi liko tayari, abiria wamenuna, Hiace haionekani. Nampigia dereva. "Nishapita Kiabakari, kaka, dakika tano!" Sasa mnatujua watu wa stendi, "nishapita Kiabakari" tunasemaga tukiwa bado tunafunga mizigo Butiama, mimi mwenyewe nimewadanganya watu hivyo miaka, kwa hiyo nikajifanya mjanja, huyu bado saa nzima, mama nitamtafutia gari nyingine. Nikagonga ubavu wa basi. "Ondoa!"

Lilipotoka tu, Hiace hii hapa. Yule bwana, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amesema kweli! Na kiti cha mbele kakaa nani? Mama mkwe, ananitazama, mkono wangu bado uko hewani.

"Baba," akasema taratibu, "lile si ndo basi langu?"

Nikaita bodaboda. Dereva anasema tupande wote, mshikaki. Mama akarudi nyuma hatua mbili, mimi tatu, maana kwetu mtu na mkwe wake hata mkono hawapeani, sembuse kubanana kwenye pikipiki! Akapanda peke yake, mimi nikakimbia nyuma na begi lake la maua kichwani, stendi nzima inapiga miluzi, "Mheshimiwa wa ratiba, utachelewa!" Mungu saidia, basi lilikuwa linajaza mafuta pale mbele.

Jioni akapiga simu, mke wangu akaweka spika. "Miadi nimewahi. Daktari kaniuliza kama vya mbali naviona, nikamwambia leo nimemwona mkwe wangu vizuri sana akifukuza basi."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nimeapa, sigongi tena ubavu wa basi kabla sijachungulia barabara ya Musoma, inakotokea Hiace.