Ghala Lililozima Taa

Nakumbuka asubuhi moja ya mawingu, mwanangu, ziwa limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu, hakuna jani linalotikisika, na mimi bi harusi wa juzi nimesimama mbele ya mlango wa ghala, kibatari mkononi. Kisa hiki hukisimulia nje tu, jua likiwa juu. Hata sasa, pamoja na uzee wangu huu, sipendi kukisema ndani ya nyumba iliyofungwa. Basi vuta kigoda usogee hapa uani, penye upepo.

Wakati huo tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Ilagala, karibu na pale mto Malagarasi unapoingia ziwani. Watu walikuwa wameacha kwao milimani wakapangiwa nyumba kwa mstari, mlango ukitazamana na mlango. Mume wangu aliitwa Bukuru. Kwetu Waha jina hilo halitolewi ovyo: pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Lakini Butoyi sikumkuta. Niliambiwa alifariki akiwa mchanga, kwa homa, na nikaonywa nisimtaje mbele ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe huyo, Mama Bukuru, ndiye aliyenifundisha kupika pombe ya nafaka. Hakuwa na vyombo vya kujivunia: mitungi, vyungu, mwiko mrefu, jiwe la kusagia na kikapu cha kuchujia. Tuliloweka ulezi, tukaufunika kwa majani ya migomba mpaka ukaota vijimizizi vyeupe, tukauanika juani, tukausaga. Hicho ndicho kimea. Kisha tulipika uji wa mtama, tukauacha upoe mpaka kidole kivumilie, tukatia kimea pamoja na masimbi kidogo, yale mashapo ya pombe iliyotangulia, ili mpya ijifunze kwa kongwe. Baada ya hapo kazi si yako tena. Pombe huchemka yenyewe bila moto, na wewe unangoja. Haraka haraka haina baraka, na kwenye pombe haina hata ladha.

Mama alikuwa na sharti moja lililowachekesha majirani. Mitungi ikishaanza kuchemka haiingii ndani ya nyumba. Aliiweka chini ya kibanda kisicho na kuta, mvua ikinyeshea pembeni, mbuzi wakipita wakinusa. Ukimuuliza sababu, alikuambia ukoroge uji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ila sisi hatukujua nyoka aliyemuuma alikuwa yupi.

Ikafika siku kijiji kikatarajia wageni wa kuja kuona mavuno ya shamba la pamoja. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole lakini mwenye kupenda mambo yaende, alimwomba Mama apike pombe nyingi kwa nafaka ya kijiji. Kibanda kisingetosha, na vijana wangeimaliza kwa kuonja. Mwenyekiti akasema itunzwe kwenye ghala la Mzee Ruhaga.

Ngoja nikueleze ghala hilo. Mzee Ruhaga aliishi pale peke yake kabla kijiji hakijaletwa, na ghala lake la nafaka alilichimba kwenye mteremko, nusu likiwa ardhini. Unashuka ngazi za udongo ndipo ufike sakafuni. Kuta nene, paa la nyasi lililosilibwa udongo, dirisha hakuna. Nyumba zilipoanza kujengwa kumzunguka, yule mzee alinyamaza, akaugua, akafa. Watu walisema hapendi kelele. Watoto hawakucheza upande ule.

Mama alikataa. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba zama za kuogopa mizimu zimepita. Mama akamjibu, "Sijataja mzimu, Mwenyekiti. Ninachosema ni kwamba mlango usifungwe." Akaahidiwa hautafungwa.

Tukaishusha mitungi. Pombe ilipokolea, nilishuka na Mama kuitazama, na nikasimama kwenye ngazi nikisikiliza. Mwanangu, mtungi mmoja ukichemka unasikia kama mtu anayekoroma mbali. Lakini mitungi mingi ndani ya ghala lile ilinong'ona. Ilikuwa kama watu wengi waliokaa gizani, wakizungumza kwa sauti ya chini lugha ambayo nilikaribia kuielewa. Mama aliinama akatega sikio, akasema inaendelea vizuri, kisha akanishika mkono tukatoka upesi kuliko tulivyoingia.

Kijiji kizima tukaenda shamba la pamoja, ng'ambo ya kijito. Mvua ikaja kubwa. Bukuru alihofia maji yatashuka kwenye ngazi za ghala na kuharibu kazi ya mama yake, akakimbia peke yake kijijini. Alifunga mlango, akaziba nyufa kwa magunia na udongo, akarudi amelowa chapachapa. Hakumwambia mtu. Kijito kilifurika, tukalala kwenye vibanda vya shambani.

Asubuhi tulirudi kwa mstari mwembamba, mizigo kichwani. Mama aliona mlango umefungwa tokea mbali. Alitua mzigo wake katikati ya njia, akauacha hapo.

Tulipoufungua mlango, tulimkuta kuku wetu mtetea kwenye ngazi ya chini kabisa. Bila shaka mvua ilimfukuza akaingia kabla mlango haujafungwa. Alikuwa amekaa kama anayeatamia, mabawa yamekunjuka, vifaranga wake wamejipanga chini yake. Wote wamekufa. Hakuna damu, hakuna unyoya uliovurugika. Na nyuma yao, gizani, mitungi ilikuwa ikinong'ona vilevile.

Niliwasha kibatari nishuke nikaone. Mama alininyang'anya, akakifunga kwenye ncha ya mti mrefu, akakishusha polepole akiwa amesimama mlangoni. Mwanzoni kiliwaka sawasawa. Kilipofika usawa wa goti la mtu aliyesimama sakafuni, mwali ukawa mwembamba, ukaachana na utambi, ukaelea peke yake kitambo kidogo, ukatoweka. Upepo haukuwepo. Tukakiwasha tena, akakishusha tena. Kikazimika palepale, kama kimechovywa kwenye maji ambayo macho hayayaoni.

Watu walikuwa wamejaa nyuma yetu. Bibi mmoja alianza kumwita Mzee Ruhaga kwa jina, akimwomba radhi kwa ajili yetu sote. Mama akasema asiingie mtu, ghala liachwe wazi litulie. Mwenyekiti akauliza wageni wakifika tutawaambia nini, kwamba marehemu amekataa kutoa pombe? Vijana wakacheka. Walimtazama Bukuru walipokuwa wakicheka, na kijana akitazamwa hivyo mbele ya mkewe, mwanangu, masikio yake huziba. Akashuka, akamruka yule kuku.

Alisimama sakafuni na hakuna kilichomtokea. Aligeuka akanitabasamia. Kisha akaukaribia mtungi wa mbele, akainama kufunua kifuniko. Akakaa ameinama hivyo, muda mrefu kuliko inavyohitajika. Halafu akaketi taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka, akajilaza ubavu na kutulia.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka tu kwamba nilikimbia, na kwamba Mama alinidaka kwa kitenge, kikachanika, akanikamata nywele, akanizaba kofi lililonifanya nione giza.

"Ukishuka, nitazika wawili," aliniambia. "Nenda ulete jembe."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliwaongoza wanaume upande wa chini wa mteremko, akawaonyesha kwa mguu pa kubomoa, chini kabisa ya ukuta. Majembe yakapiga. Ukuta ulipotoboka, tukasubiri tuone kitu kikitoka, na hatukuona kitu. Lakini mimi niliyesimama karibu nilihisi ubaridi ukipita juu ya nyayo zangu, na nyasi hazikutikisika. Hapo chini kidogo mtu alikuwa amewasha moto mdogo wa kuchomea mahindi. Ndimi za moto zikalala, zikawa za buluu, zikazimika zote kwa pamoja. Aliyekuwa akichoma aliyaacha mahindi yake na hakurudi kuyachukua.

Ndipo Mama akachukua upembo wa kuangulia matunda, akaulaza kupitia tundu, akamnasa Bukuru kwa mkanda. Wakamvuta nje. Midomo yake ilikuwa na rangi ya mawingu. Mama alimgeuza, akampiga mgongoni, akamsugua kifua, akimwita jina lake tu, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoitwa mtu aje kula. Mara akavuta pumzi kwa mlio, kama mpiga mbizi aliyetokea kwenye kina cha ziwa.

Alipofumbua macho aliuliza, "Yule mtoto ametoka?"

Tukamuuliza mtoto gani.

"Aliyelala pale chini, kando ya mitungi. Nilitaka kumbeba."

Watu wakaanza kuita watoto wao kwa majina. Kila mtoto wa kijiji akaonekana. Wanaume wakachungulia tunduni, wakaona mitungi tu. Nilipogeuka kumtazama Mama, alikuwa ameketi kwenye udongo, mikono imelegea mapajani, amezeeka.

Mchana, tulipokuwa wawili mtoni tukiosha vyungu, ndipo aliponiambia. Hapakuwa na homa. Zamani, wakiwa milimani, alikuwa na mitungi inachemka ndani ya kijumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi. Bukuru alikuwa analia, akambeba mgongoni. Butoyi alikuwa mtulivu, akamlaza kwenye mkeka, chini, kando ya mitungi, akatoka kidogo kutwanga.

"Nilimkuta kama yule kuku," alisema. "Niliona aibu kusema. Nikasema homa."

Bukuru hakuwahi kuelezwa habari hiyo, mama yake akiwa hai. Sijui alimwona nani mle ndani. Nilimuuliza mara moja tukiwa tumezeeka, akasema uso wa yule mtoto aliufahamu. Wageni walifika, wakainywa pombe ile, wakaisifu. Mama hakuionja. Ghala lilifukiwa baadaye, na mume wangu alilala mlango wazi mpaka alipoiaga dunia, mbu wakiuma, wezi wakija.

Siku hizi wajukuu wananieleza kwamba ile ni hewa nzito inayotoka kwenye pombe ikichachuka, hujaa chini kama maji na kufukuza hewa ya kuvuta. Nimewasikia, na nawaamini. Lakini kujua jina la simba hakumfanyi simba kuwa mbuzi.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe unayependa kujipikia kwa ndoo na chandarua. Pombe inayochemka iache penye upepo. Usilale nayo chumba kimoja, usimlaze mtoto karibu yake, usiinamie chombo chake mahali palipofungwa. Taa ikizimika bila upepo, toka kwanza ndipo ushangae. Na mwenzako akianguka mle, usimfuate kwa mapenzi matupu. Toboa ukuta, leta mti mrefu, mvute. Mapenzi yasiyo na akili huchimba kaburi la pili.

Mkubwa akikukataza jambo bila kutoa sababu, usimcheke. Subiri mkiwa wawili, umuulize kwa upole kilichomuuma. Na wewe siku moja utakuwa mkubwa. Usilifunike jeraha lako kwa uongo wa homa, kwa kuwa aibu ya mama yule ilimnyamazisha, na kunyamaza kwake kulikaribia kummaliza na mtoto aliyebaki. Sema kungali mchana.

Mungu akukinge na unachokiona, na akukinge zaidi na usichokiona. Ulezi wako uote, wageni wako waondoke wakiimba, pumzi yako iwe ndefu. Uzikwe na wanao, mwanangu, usiwazike wewe.