Ule Upande wa Kushoto

Valvu moja ya moyo wangu iliharibika utotoni, kwa homa ya viungo ambayo haikutibiwa. Nilipofika mahali pa kushindwa kupanda kutoka mwaloni Katonga, ufukweni ninakouza samaki, na ndoo ya dagaa, nikapelekwa Dar es Salaam.

Daktari alituketisha, mimi na mume wangu. Hawatanipasua kifua kizima, alisema. Watapita kwenye tundu dogo chini ya titi la kulia, na mashine itasukuma damu wakati moyo umesimama.

Kisha akamgeukia mume wangu: "Kwenye paji la uso tutambandika vipande viwili vyenye mwanga, vituonyeshe damu inafika vipi kwenye ubongo. Ikipungua, tunajua mapema."

Baada ya upasuaji alikuja kitandani kwangu, akamwambia mume wangu: "Upande wa kushoto ulishuka kidogo, tukaongeza msukumo wa damu, ukarudi. Tumempima, yuko salama."

Mimi nilishika neno salama. Mume wangu alishika kushoto.

Siku tuliyorudi Ujiji, mama mkwe alininyooshea mkono mbele ya wageni waliokuja kunipa pole. "Mwanangu, hivi ni vidole vingapi?"

Nilidhani ananitania. Lakini wageni wote walikuwa wananikodolea macho mdomoni.

"Vitatu."

Wakashusha pumzi kwa pamoja.

Tangu siku hiyo, nikimpinga mume wangu kwa lolote, hata chumvi ya mboga, anatabasamu: "Ni ule upande wa kushoto huo." Anasema kwa upole, huku anatafuna, mafuta yakimng'aa kidevuni. Nikaacha kula naye.

Nilipopata nguvu nikarudi mwaloni kuuza samaki. Mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja mwenye asili ya Kongo, akanisemesha neno moja moja, kwa sauti kubwa: "Nataka. Migebuka. Minne."

"Una nini leo, mama?"

Akainamisha uso. "Shemeji, mumeo, alipita hapa. Alisema tukuhurumie, nusu ya ubongo imekufa."

"Alikwambia wewe?"

"Aliambia kila meza."

Jioni nikampigia daktari, simu nikaiweka sauti ya nje, mume wangu na mama yake wakisikiliza. Daktari akarudia: hakuna kilichokufa. Simu ilipokatika, mume wangu akamgeukia mama yake.

"Sasa angesemaje, na mgonjwa mwenyewe anasikia?"

Mama yake akatikisa kichwa kwa huruma. Nilitoka nje nikatapika kwenye migomba.

Kesho yake nikahamia kwa dada yangu, Mwandiga. Haikupita wiki, mume wangu akaja, akasimama mlangoni, akazungumza na dada.

"Mwambie arudi. Zile dawa za kuzuia damu kuganda zinataka mtu wa kumkumbusha."

Nilikuwa nimesimama pale pale, namsikia anavyonuka manukato aliyojipaka kwa safari hiyo. Dada akaniangalia. Nikamwambia afunge mlango.

Katonga bado naenda. Siku mume wangu akipita karibu na meza yangu, nafunika samaki, kama nimeona nzi.