Nyumba Waliyosema Imeuzwa

Mwaka 2012, Numbi, Mwafrika mzaliwa wa Likasi na muuguzi katika makao ya wazee huko Anderlecht, Ubelgiji, alikubaliwa mkopo wa benki baada ya miaka tisa ya kupanga nyumba za watu. Nyumba aliyoitaka ilikuwa njiani mwake kwenda kazini: nyembamba, ya matofali mekundu, na bango la kuuzwa dirishani. Akampigia dalali. Dalali alisikiliza jina lake, akamwomba alirudie, kisha akasema, "Pole, madame, imekwisha kuuzwa."

Wiki tatu zikapita, bango halijaondoka. Kila asubuhi, saa moja kasorobo, giza la Novemba likiwa bado zito, Numbi alisimama mbele ya nyumba ile. Haikuwa na taa wala sauti. Ila pazia la juu lilitikisika, ilhali dirisha limefungwa. Siku moja akabonyeza kengele. Akasikia hatua zikishuka ngazi polepole, zikakoma nyuma ya mlango. Mtu alikuwa akipumua pale, karibu kabisa naye. Mlango haukufunguliwa. Numbi akaondoka haraka.

"Bon, acha ile nyumba," mumewe Rigobert alimwambia. "Manyumba iko mingi."

"Iko mingi, ndiyo. Lakini juu ya nini balinidanganya?"

Kazini akamsimulia Chloé, Mbelgiji aliyekuwa naye zamu moja. Chloé akampigia dalali papo hapo, kwa jina lake mwenyewe. Akapewa miadi ya kuiona nyumba kesho yake.

Kwa msaada wa kituo cha kutetea usawa, Numbi akafungua kesi. Dalali alijitetea kwamba alifuata tu agizo la mwenye nyumba, mzee mjane asiyetaka kuwauzia Waafrika. Hakimu akaagiza faili lote liletwe. Ndani mlikuwa na barua za mzee kwa dalali, na wakili wa Numbi akazisoma.

"Jumanne, saa moja kasorobo. Yule mweusi amesimama tena, skafu ya kijani."

"Alhamisi. Amechelewa dakika nne."

"Ijumaa. Leo alipiga kengele. Nilisimama karibu naye hadi nikasikia mikufu yake."

Numbi akajishika shingo. Siku zote zile alidhani ni yeye anayeitazama nyumba.

Hakimu alisema agizo la mwenye mali si kinga. Wote wawili walikuwa wamevunja sheria. Akawaamuru waache ubaguzi ule, wamlipe Numbi fidia, na hukumu ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya dalali mwezi mzima. Haukupita muda, ofisi ile ile ikampigia kwa upole mwingi: nyumba bado ipo, kama anaitaka.

"Alors, unasema nini, maman?" Rigobert akamuuliza mkewe.

"Sitake tena. Ile nyumba inanijua mingi."

Walinunua fleti upande wa Saint-Josse, madirisha yakitazama ua wa ndani. Fidia ilitosha kupaka rangi vyumba viwili. Numbi aliipaka mwenyewe, akisikiliza redio, akilipa dirisha mgongo bila wasiwasi.