Mwendo wa Ndege Kutoka Johannesburg

Ofosua alifundisha jiografia miaka thelathini na moja, na pale Aburi watu walimjua kwa ulimi mkali na nguo isiyo na doa. Siku ya kumzika mumewe, Asiedu, walimjua kwa mengine.

Saa nane mchana, Tieku, mpwa wa marehemu na, kwa mila ya huko, mrithi wake, aliingia uani na vijana wanne waliobeba jeneza.

"Tunamzika mjomba sasa hivi."

"Kwa jeneza la nani?" aliuliza Ofosua, amesimama mlangoni pa chumba cha maiti. "Baba huzikwa kwa jeneza la wanawe. Lao limo chumbani. Mwanangu Yirenkyi yuko njiani, aje alikabidhi kwa ukoo."

Tieku alicheka. "Mkaza mjomba, ndege imetoka Johannesburg saa tano. Ongeza saa sita za angani, hiyo saa kumi na moja. Tuzike kwa kurunzi? Au marehemu hakuzaa, ndiyo maana hatuwaoni hao wana?"

Hapo alimgusa penyewe. Mtu akizikwa kwa jeneza la wapwa ilhali wanawe wako hai, mji mzima humhesabu tasa, na wanawe watoto wa kuokotwa.

"Nilikufundisha mwenyewe, nikapoteza chaki yangu bure," alisema. "Saa tano ya kwao ni saa tatu ya kwetu. Kilomita elfu nne na mia sita na ushei, saa sita. Anatua Accra saa tisa. Saa kumi na nusu yuko hapa."

"Toka mlangoni, bibi!"

Kijana mmoja alimsukuma. Ofosua aliokota mchi wa kutwangia ugali wa fufu, akamtandika wa kiwiko, mfupa ukaalika. Mwingine alimpiga ngumi ya mdomo. Tieku akamshika nywele na kumbamiza kichwa kwenye mwimo, mara mbili. Ofosua alimng'ata mkono hadi akaachia, akajitupa ndani alimolazwa mumewe, akatia komeo na kusukumia kabati mlangoni. Wazee wa ukoo waliinamisha macho.

Wapo wanaosema alipigana kama mlevi. Waongo. Hakutoa tusi moja la nguoni.

Walileta shoka. Mbao zilipasuka moja baada ya nyingine. Mkono wa kwanza uliopenya aliuchoma kisu, wa pili vilevile. Alitema jino, akatazama saa, akangoja mwingine.

Kwenye saa kumi na nusu shoka lilinyamaza. Alichungulia kwenye tundu. Yirenkyi, begi bado begani, alikuwa amelipokonya shoka na kuliinua juu ya kichwa cha Tieku.

"Yirenkyi! Weka chini!"

"Mama, tazama uso wako!"

"Nitautazama kesho. Ukimkata, jeneza la baba yako litakabidhiwa na muuaji. Umevuka nusu ya bara kwa ajili hiyo?"

Yirenkyi aliishusha mikono polepole. Kisha akaliweka shoka chini, akaomba kinywaji cha mila, akalikabidhi jeneza kwa jina la watoto wote. Tieku, kwa kuwa ndiye mrithi, hakuwa na njia ila kulipokea.

Walimzika Asiedu kabla ya jua kutua. Mjane alitembea nyuma ya jeneza bila kushikwa mkono na mtu.